Kinachokaa kati ya kifo na kifo

Mwezi uliopita kijana mmoja anayeandika riwaya na kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp alinitumia sehemu sita za kazi yake mpya nizipitie. Katika sehemu ya nne mtu anaingia na bunduki kwenye ukumbi wa harusi, anaua watu 11. Sehemu ya tano mtu huyohuyo yuko mafichoni, anawapigia polisi simu za mafumbo na kuahidi kurudi. Nikamuuliza anarudi kufanya nini. Akanijibu, "Kaka, nisipomrudisha, hadithi imeniishia."

Jibu hilo sijaweza kulisahau. Kijana alianza na muuaji wa halaiki, akakosa pa kwenda naye, akamgeuza muuaji wa mfululizo. Wengi hudhani tofauti ya hawa wawili ni wingi wa maiti. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipokaa na wataalamu kule San Antonio mwaka 2005, waliona watu wawili wanatosha kumwita mtu muuaji wa mfululizo, mradi vifo vitokee katika matukio tofauti. Wa halaiki kwa kawaida huhesabiwa kuanzia watu wanne, na wote katika tukio moja. Kinachowatenga ni muda unaokaa kati ya kifo na kifo. Na muda huo, kwa anayeandika, ndio hadithi yenyewe.

Ndani ya muda huo mpelelezi anatafuta, jirani anashuku, msomaji anashindwa kulala. Ndiyo maana muuaji wa mfululizo anazifaa sana hizi riwaya zetu za mitandaoni zinazokatwa vipande na kuishia na "itaendelea". Agatha Christie alilijua hilo zamani. Katika riwaya yake ya mwaka 1939, watu kumi wako kwenye kisiwa kimoja na wanakufa mmoja baada ya mwingine. Mahali ni pamoja, siku ni chache, lakini mimi muuaji yule namweka upande wa mfululizo bila kusita, kwa sababu kila anayekufa anawaachia waliobaki muda wa kuogopa na kutazamana.

Lakini muda huo una gharama yake, na hapa ndipo ninapoumia. Muuaji akidumu kwenye hadithi kutoka mwanzo hadi mwisho, tunamzoea. Tunajua anapenda chakula gani, anasikiliza muziki gani. Nikiwa kidato cha pili tuliiona filamu ya The Silence of the Lambs kwenye banda la video la mtaani kwetu, na muuaji Hannibal Lecter alipotoroka gerezani, benchi zima lilipiga makofi. Anthony Hopkins, aliyemwigiza Lecter, anaonekana katika filamu ile kwa takriban dakika 16 tu, na bado akachukua Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Kwetu sisi yeye ndiye aliyekuwa stelingi. Waliokufa hatukumjua hata mmoja jina.

Nimeirudia filamu hiyo nikiwa mtu mzima, na nikaona haikuwa na kosa. Sisi ndio hatukuangalia vizuri. Kuna mama mmoja, seneta, ambaye binti yake ametekwa na muuaji mwingine. Anatokea kwenye televisheni kumsihi mtekaji, na kila baada ya maneno machache anataja jina la mwanawe: Catherine, Catherine. Clarice, yule mwanafunzi wa upelelezi, anaelewa mara moja. Mama anataka muuaji amwone binti yake kuwa mtu. Kisha kesi nzima inafunguka chumbani kwa Fredrica, msichana wa kwanza kuuawa, kwenye mji mdogo wa Ohio, pale Clarice anapofungua kabati la nguo, anaona kazi ya ushonaji ya marehemu na kutambua kwamba muuaji naye anashona. Ufunguo ulikuwa kwa marehemu muda wote. Waigaji wengi waliofuata walimchukua Lecter na kukiacha chumba cha Fredrica.

Oyinkan Braithwaite wa Nigeria hakukiacha. Katika riwaya yake ya mwaka 2018, Korede ni muuguzi anayesafisha damu kila mdogo wake anapoua mpenzi. Maiti ya Femi wanaitupa majini kutoka Third Mainland Bridge, Lagos. Femi ni wa tatu, na kwa hesabu ya Korede, tofauti na ile ya FBI, ukifika watatu ndipo jina la muuaji wa mfululizo linakustahili. Ila baada ya hapo hawezi kuacha kusoma mashairi ambayo Femi aliyaandika mtandaoni. Muda kati ya vifo, badala ya kumpamba muuaji, unamrudisha marehemu. Nadhani ndiyo njia pekee ya kuandika habari hizi kwa heshima.

Sasa muuaji wa halaiki. Yeye anamaliza kila kitu kwa dakika chache, mara nyingi naye akiwemo, na mpelelezi akifika hakuna wa kumsaka. Swali la nani limeshajibiwa. Mwandishi aliye mkweli analazimika kwenda kwa walioachwa. Katika filamu ya We Need to Talk About Kevin ya mwaka 2011, iliyotokana na riwaya ya Lionel Shriver, mama wa kijana aliyeua wenzake shuleni yuko dukani, amechukua trei la mayai. Anageuka kidogo, akirudi anakuta mtu ameyavunja yote. Halalamiki. Analipia. Nyumbani anayakaanga na kuyala, akitoa maganda mdomoni moja moja. Sijaona simulizi ya muuaji wa mfululizo yenye chakula kigumu kumeza kama kile.

Mwongozaji Gus Van Sant naye, katika Elephant, filamu ya mwaka 2003 kuhusu mauaji ya shuleni, anawafuata wanafunzi kwa nyuma kwenye korido za shule, na wakati mmoja anaurudia mara kadhaa kutoka kwa mtu huyu hadi yule. Muda hauendi mbele, unazunguka, kama unavyozunguka kichwani mwa mtu aliyefiwa ghafla.

Na upande huu ukikosea, unakosea vibaya. Stephen King, kwa jina la Richard Bachman, alitoa Rage mwaka 1977, habari za mwanafunzi anayeua walimu na kulishikilia darasa mateka. Baada ya mauaji ya shule huko Kentucky mwaka 1997, nakala ya kitabu hicho ilipokutwa katika kabati la aliyeua, King aliomba kisichapwe tena. Kijana yule wa kwenye kitabu alikuwa amepewa nafasi ya kuongea mno, wenzake wakimsikiliza na hata kumpenda. Namheshimu King kwa uamuzi ule.

Nilimwandikia yule kijana wa WhatsApp: muuaji wako amekwisha kazi yake, mwache. Rudi ukumbini. Alinuna siku nne, na kusema kweli nilidhani nimempoteza. Juzi alituma sehemu ya tano mpya. Muuaji hayumo. Yumo mpishi wa harusi, anarudi asubuhi kuchukua masufuria yake, na pilau bado limo ndani.