Papa Aliyeharibika na Filamu Isiyochuja

Mwaka 1974, mwongozaji Steven Spielberg akiwa baharini akipiga Jaws, filamu ya papa anayeua watu, papa wa mitambo aliyetengenezewa aligoma. Maji ya chumvi yalimharibu kila mara. Ikabidi kijana huyo wa miaka 27 aendelee bila papa: pezi linalopasua maji, muziki wa John Williams, na mapipa ya manjano yaliyofungwa kwenye mwili wa mnyama. Zaidi ya saa nzima inapita kabla hujamwona papa mwenyewe sawasawa.

Mapipa yale ndiyo hunishika kila nikiirudia. Ni mapipa tu. Lakini yanapogeuka na kuanza kuifuata mashua, unaanza kumkadiria aliye chini yake, na kila mtu humkadiria kwa ukubwa wa hofu yake. Leo kompyuta ingemchora papa huyo tangu dakika ya kwanza, mpaka jino la mwisho, nasi tungemzoea mapema.

Wanaosema tunazitukuza filamu za kale kwa mazoea tu wana hoja, tena nzito. Filamu mbovu za zamani zilikuwa tele. Zimesahaulika, na chache zilizobaki ndizo tunazozipambanisha na kila kinachotoka sasa. Huo si ulinganisho wa haki. Halafu, nyingi kati ya hizo chache zilivuma kwa madoido yake hasa. King Kong ya 1933 iliwaduwaza watu kwa sababu fundi wa madoido Willis O'Brien aliisogeza sanamu ya sokwe kidogo kidogo, picha baada ya picha, hadi ikaonekana inatembea.

Ukiitazama leo, manyoya ya sokwe yanachezacheza bila upepo. Hiyo ni mikono ya mafundi waliokuwa wakimshika kila walipomsogeza. Kasoro haifichiki. Ila pale juu ya jengo la Empire State, ndege zikimmiminia risasi, anamnyanyua binti aliyemteka kwa mara ya mwisho kisha anamweka chini taratibu, na mimi husahau manyoya kabisa. Naamini ni kwa sababu O'Brien alimpa sanamu yule uamuzi wa kufanya, si mwendo peke yake.

Wala siilaumu kompyuta. Jurassic Park ya 1993 iliitumia, na haijachuja. Ndani ya saa mbili na ushee, dinosaria wanaonekana kwa takriban dakika 15 tu. Tyrannosaurus, yule dinosaria mkubwa mla nyama, anatanguliwa na viduara vya maji vinavyotetemeka ndani ya gilasi, vilivyotengenezwa kwa waya wa gitaa.

Mafundi wa leo wana uwezo ambao O'Brien hakuuota. Wanaweza kumpa sokwe jicho linalolengwa na machozi, unywele kwa unywele. Kinachoniuma ni kuona kazi hiyo ikipita kwa sekunde mbili katikati ya milipuko, kabla mtazamaji hajajua jicho lile linamtazama nani.