Fundi, gesi imeenda wapi?

Wiki hii jirani yangu ametupa ndoo mbili za vibua. Ametupa, hakuuza kwa hasara, maana hatua ya hasara ilishapita. Hata paka wa mtaa walikuwa wanachagua. Anauza samaki na barafu za mfuko, kwa hiyo friza ndiyo duka lake, na friza yenyewe inagandisha wiki mbili tatu kisha inageuka kabati. Kila ikigeuka kabati anaitwa fundi yuleyule. Anafika na mtungi begani, hata mfuniko wa friza hajaugusa, hukumu imeshatoka: “Mama, gesi imeisha.”

“Fundi, si uliweka juzi juzi tu?”

“Niliweka mama, lakini unafungua fungua sana. Halafu na joto hili la Dar. Gesi nayo inatumika.”

Sh80,000 ikahama kutoka kwenye kanga kwenda kwenye mfuko wa suruali ya kadeti. Mimi niko dirishani kwangu, natafuna ulimi.

Inatumika! Jamani. Gesi ya friza si ya kupikia. Haichomwi, hailiwi, haifanyi kazi ikachoka. Kompresa, ile pampu inayonguruma, inaisukuma, inaingia kwenye mabomba yaliyofichwa kwenye kuta za nje za friza, pale panapokuwa na uvuguvugu ukigusa, inatema joto na kuwa majimaji. Inapita kwenye draya, kichujio kinachonyonya unyevu, inapenya kwenye kibomba chembamba, inafika kwenye koili za ndani, inachemka kule na kunyonya joto la vibua vyako, inarudi kwenye kompresa. Basi. Gramu zilezile ilizotoka nazo kiwandani ndizo zinazozunguka mwaka wa kwanza na mwaka wa ishirini. Bibi yangu kule Tanga ana friji la enzi za R12, gesi ambayo dunia ilikubaliana kuanza kuiacha kwa Itifaki ya Montreal ya 1987. Friji hilo limezika friji tatu za wajukuu na hakuna mtu aliyewahi kulijaza chochote zaidi ya maji ya kunywa.

Na hilo la kufungua mlango ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana linamtia mama wa watu hatiani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ukifungua mlango unatoa baridi. Gesi iko ndani ya bomba lililochomelewa kila mwisho. Ungekuwa unaitoa kwa kufungua mlango, duka lolote la soda lingekuwa linajaza gesi kila baada ya swala ya alasiri.

Baiskeli ikikosa upepo, mtoto wa darasa la pili anajua kuna pancha. Fundi pancha chini ya mwembe ana beseni la maji. Anazamisha tyubu, anaizungusha taratibu, anatafuta povu linatokea wapi, anaziba, ndipo anajaza. Akikujazia upepo bila kuziba, ukarudi kesho akakujazia tena na kukudai tena, ungemwita jina gani? Huyu wa mtungi tunamwita fundi, na soda baridi tunamletea.

Haya, nikubali kwa shingo upande: gesi kweli huvuja. Na mara nyingi tunaitoboa sisi wenyewe, hasa wale wa kuchokonoa barafu kwa kisu cha kukatia nyama. Koili nyingi za ndani ni alumini laini. Kisu kikiteleza kidogo tu, unasikia “fyuuu”, na kwa heri. Ukitaka kuyeyusha barafu, zima friza, acha wazi, weka beseni la maji ya moto ndani, subiri. Kutu nayo ina kazi yake kwa sisi wa karibu na bahari. Lakini friza iliyovuja ina dalili zake, na hazihitaji mtungi kuzitambua. Kompresa inanguruma mchana na usiku haipumziki, kuta za nje zimepoa wakati zinatakiwa kuwa na uvuguvugu, barafu inashika kwenye kipande kimoja cha koili na kwingine pakavu. Mahali palipovuja mara nyingi pana utelezi wa mafuta, kwa sababu mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. (Draya au kibomba chembamba kikiziba, dalili zinafanana sana. Sababu nyingine ya kupima kabla ya kuhukumu.)

Fundi wa kweli akikuta hivyo anatafuta tundu kwa povu la sabuni, anaziba, anabadilisha draya, anavuta hewa na unyevu kwa pampu, halafu anaweka gesi kwa mizani. Mizani, ndiyo. Kiasi kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko cha friza yako, na zile zinazotumia gesi aina ya R600a nyingi hazifiki hata gramu 100. Huyu wetu anajaza huku amekamata bomba kwa kiganja, anafumba macho, anasema “imekubali.” Hata anajaza gesi gani hatukuwahi kuambiwa. R134a na R600a hazichanganywi, na R600a inashika moto; ndiyo maana kompresa yake ina alama ya mwali. Kuna watu wanawasha tochi ya kuchomelea kando ya bomba lenye gesi hiyo jikoni kwa watu, watoto wamesimama wanaangalia. Hapo sitanii hata kidogo.

Sasa friza ya jirani haikuwa na dalili hata moja kati ya hizo. Nilikwenda jioni nikaketi kando yake, nikasikiliza. Tk. Mngurumo mzito, taa ya ukumbini ikafifia kidogo. Sekunde chache, tk, kimya. Baada ya dakika kadhaa, tk tena. Hiyo ni kompresa inayotaka kuwaka ikashindwa, na ovalodi, swichi yake ya kinga, inaikata isiungue. Mwenye gesi pungufu hafanyi hivyo. Huyo huwaka vizuri tu na kuhangaika bure.

Kinachoisaidia kompresa kuwaka ni rilei, kidude cha plastiki kisichozidi kiberiti, kimechomekwa ubavuni mwa kompresa chini ya kifuniko. Ndani kina kisahani cha kauri. Kikiwa baridi kinapitisha umeme wa kuamsha mota; kikipata moto kinauzuia, mota inaendelea yenyewe. Kikichoka au kikipasuka, kompresa inabaki inanguruma bila kuzunguka. Ongeza umeme mdogo wa saa moja jioni, mtaa mzima umewasha pasi na majiko, ongeza na ekstensheni nyembamba kama ile ya jirani inayolisha friza, televisheni na chaja za simu za ukoo mzima, hata rilei nzima ingesalimu amri.

Na hapa ndipo utaelewa kwa nini dawa ya gesi ilikuwa “inafanya kazi.” Fundi akija anachomoa friza. Anafungua mtungi, anafunga mipira, anapiga stori za Simba na Yanga, anakunywa soda. Muda wote huo kisahani kinapoa, na mgandamizo ndani ya mabomba unatulia. Akichomeka mchana ule umeme umejaa, kompresa inawaka. Kila mtu anashangilia gesi. Ungeweza kumwita shangazi yako akakaa kando ya friza nusu saa bila kufanya lolote, matokeo yangekuwa yaleyale na ungebaki na Sh80,000 yako. Ndiyo maana pia umeme ukikatika na kurudi, usichomeke papo hapo. Ipe friza dakika tano. Kile kigadi chenye kuchelewesha umeme kinafanya kazi hiyo, kikiwa cha kweli. Vya bandia vina taa nzuri tu.

Mengine nayasema kwa haraka. Ukikuta friza imekufa kabisa, chomeka kwanza taa au chaja kwenye soketi ileile, na angalia kama LUKU bado ina umeme. Usicheke, fundi hulipwa nauli kwa ajili hiyo kila siku. Mpira wa mlango upime kwa noti: funga mlango juu yake, ivute, ikitoka bila ubishi mpira umechoka. Friza usiibane ukutani na usiivalishe kitambaa cha kufuma hadi miguuni, kuta zake zinahitaji kupumua. Friza zile zisizoshika barafu (“no frost”) zina ugonjwa wao: hita ya kuyeyushia ikifa, barafu inajijenga nyuma ya paneli na kuziba feni, ukiizima siku nzima inapona, kisha inarudia, na fundi wa mtungi atakwambia tena ni gesi. Umeme ukikatika usichungulie. Friza iliyojaa na kufungwa hushikilia baridi hadi saa 48 hivi, iliyojaa nusu ni nusu ya hapo.

Basi nikamshauri jirani amwite kijana mmoja wa mtaa wa pili, amesoma mambo ya majokofu chuo cha ufundi VETA, ana tasta ya kupimia umeme na anajua kuisoma. Kijana akachomoa plagi kwanza, akatoa kifuniko, akavuta rilei, akaitikisa sikioni. Ikacheza ndani, kche kche. Akatukabidhi nasi tutikise. Akaweka mpya, akasubiri, akachomeka. Kompresa ikaamka bila kelele, na baada ya muda kuta zikaanza kupata uvuguvugu.

Halafu akafanya jambo ambalo yule mwingine hajawahi kufanya: akapaka povu la sabuni. Si kwingine, ni kwenye ile valvu aliyoichomelea fundi wa mtungi ili awe anajazia. Haikuwa na kofia yake, na povu likaanza kuchemka, vipovu vidogo vidogo kimoja kimoja. Friza ilitoka dukani imezibwa kila mahali. Tundu pekee iliyokuwa nalo lilikuwa la huyo aliyekuja kuitibu. Na usisahau kwamba ile gesi ikitoka inakwenda juu kwetu sote. Kilo moja ya R134a hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ya kilo moja ya kaboni dioksidi.

Ningependa niishie hapo na lawama zote zikae upande mmoja. Lakini kijana alipotaja bei, Sh30,000 pamoja na rilei na kofia ya valvu, jirani yangu aliruka.

“Hicho kidude tu? Kazi yenyewe hata chai haijapoa! Wewe mwanangu unataka kuniua?”

“Mama, nimetafuta kwanza ugonjwa.”

“Sasa kutafuta nako ni kazi?”

Mwanamke huyuhuyu alihesabu Sh80,000 bila kubishana, kwa sababu aliona mtungi, mipira, geji inayotikisika na jasho. Mtungi unaonekana mkubwa. Akili haina uzito wa kubeba begani. Hapo nikamwelewa kidogo yule fundi mwingine. Kidogo sana. Ukiwa fundi na ukajua mteja analipia vifaa vinavyong’aa na si jibu sahihi, utajifunza haraka kubeba mtungi kila unakokwenda.

Kijana aliondoka na Sh20,000, iliyobaki “utapitia Ijumaa.” Ijumaa alipita, akaambiwa biashara mbaya. Jirani, najua mwanao anakusomea haya kwenye simu. Friza inagandisha, jana nimenunua barafu kwako mwenyewe. Mpe kijana elfu kumi yake.