Nyegezi ni Stendi ya Mabasi

Jumamosi moja binti yangu wa darasa la tano alikuwa uani anafua soksi za shule huku anaimba wimbo wa kikubwa wa kwenye daladala. Kiitikio kilikuwa kimemkaa kinywani barabara, hadi vile vikohozi vya msanii. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, akaacha kuchambua mchele, akanitazama. Nikajua kesi imefunguliwa.

Nilidhani atafoka. Akasema, "Wimbo wenyewe hauna neno. Ila mambo hayo sisi tuliambiwa ndani, mlango umefungwa, na aliyetuambia alikuwa kungwi. Huyu kaambiwa na konda."

Akarudi kwenye mchele wake. Mimi ndiye niliyebaki na mzigo.

Maana sisi kila tukigombana kuhusu nyimbo na watoto, tunagombania maneno. Mwaka 2018 BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, iliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond uitwao "Mwanza". Wote tunajua utani ulikuwa wapi: Nyegezi ni eneo la Jiji la Mwanza, lina stendi ya mabasi, na ukilikata jina hilo katikati unabaki na kitu ambacho hukitamki mbele ya mkweo. Desemba wasanii wenyewe wakafungiwa kutumbuiza kwa kuuimba jukwaani, na Januari 2019 wakafunguliwa. Mtaani kwetu hata watoto waliokuwa hawana habari na wimbo huo waliujua wiki hiyohiyo. Mwaka huohuo wa 2018, ng'ambo ya ziwa, waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka kulizuia tamasha la Nyege Nyege la kule Jinja, wakati kwa Kiganda jina hilo linatokana na ile hamu ya ghafla inayokuinua kitini ukacheze. Herufi zilezile, zimevuka mpaka tu. Ukitaka kulinda watoto kwa kuwinda herufi utachoka mapema.

Tena sisi watu wa mafumbo tungepaswa kuwa wa mwisho kuliogopa fumbo. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Nimekulia kwenye taarabu. Nimecheza harusini, nimeimba beti nzima nzima za kusutana na za kitandani, na sikuelewa hata chembe mpaka nilipoelewa, na wakati huo nilikuwa nimeshakua. Fumbo lilikuwa pazia: mtoto anapata mdundo, mkubwa anapata maana, kila mtu anarudi nyumbani na chake. Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu aliyefariki Zanzibar Aprili 2013, alisifiwa duniani kote kwa ngoma za unyago, na unyago si mahali pa aibu za uongo. Humo mambo yalisemwa na kuchezwa waziwazi kuliko wimbo wowote wa redioni leo. Lakini yalikuwa na wakati wake, yalikuwa na mwali aliyefikia umri, na yalikuwa na mtu wa kuulizwa, "Somo, hii ina maana gani?"

Kwenye daladala ya Mbagala hakuna wa kuulizwa.

Kwa hiyo mimi siku hizi sibabaishwi sana na neno. Wimbo unaonikera mara nyingi hauna tusi hata moja, na redio inaupiga saa moja asubuhi watoto wakienda shule. Ndani yake mwanamke anahesabiwa kama mbuzi mnadani, au kijana asiye na hela anachekwa hadi kiitikio. Mtoto wa kiume akiusikia mara mia anajifunza kitu, na anachojifunza si fumbo. Kisha inakuja zamu ya tangazo la kubeti. Redio hiyohiyo iliyoziba neno moja kwa mlio wa "piiip" inamwambia mtoto wa miaka kumi aweke mkeka. Hapo naona tumechagua vibaya cha kuziba.

Na wazazi tusijifiche nyuma ya mamlaka. Nilihudhuria mahafali ya chekechea fulani, nisiyoitaja. Watoto wa miaka mitano, majoho na kofia, wakawekewa wimbo wa klabu na kukata viuno jukwaani. Ukumbi ukasimama! Watu wakawatunza noti. Jioni, kwenye kundi la WhatsApp la wazazi haohao, mmoja akatuma ujumbe mrefu kuhusu maadili yanavyoporomoka, tukaweka mikono ya "amina". Nami niliweka.

Marekani walijaribu stika za kuwaonya wazazi. Tipper Gore, mke wa seneta Al Gore, alisikia wimbo wa mwanamuziki Prince kwenye albamu aliyomnunulia binti yake, akashtuka, na mwaka 1985 yeye na wenzake wakalifikisha jambo Washington mpaka likasikilizwa kwenye Seneti. Matokeo yake ni ile alama nyeusi na nyeupe kwenye majalada. Sina ubaya na stika, inamsaidia mzazi anayenunua. Ila kwa kijana wa miaka kumi na nne nadhani alama ile ilikuwa kama bango la "hapa ndipo penyewe". Na wetu hawanunui majalada, wanasikia kwa jirani kupitia ukuta.

Baada ya mama kurudi Tanga nilimwita binti yangu, tukakaa na simu, tukausikiliza ule wimbo wa soksi mwanzo hadi mwisho. Nakiri niliona haya kuliko yeye. Sikumuuliza maneno. Nilimuuliza huyu dada anayeimbiwa anasema nini.

Akafikiri. "Hasemi kitu, Mama. Anaambiwa tu."

"Na wewe ungependa kuwa yeye?"

"Gari lake zuri," akasema. Halafu, "Lakini hapana."

Sikuufuta wimbo. Nilimwambia asiuimbe mbele ya babu yake, na maana ya ule mstari wa pili nitamwambia akifika kidato cha kwanza. Akaniuliza kwa nini asiambiwe sasa, wakati konda anaujua. Nikampigia mama simu Tanga, nikamwekea sauti kubwa, nikamwachia kesi yake.