Akili ya fasta na akili ya taratibu: jicho lako limesomea wapi?

Mama mdogo wangu anauza dagaa hapa Kigoma miaka mingi, juzi nimemsindikiza mwaloni Kibirizi nikamwangalia anavyonunua. Anazamisha mkono mpaka chini kabisa ya gunia maana huko juu watu huwa wanapamba, anatoa konzi, anavunja dagaa mmoja asikie kama analia ka, anatafuna mwingine, basi. "Hawa walinyeshewa, twende." Sekunde kumi hazijafika, mi bado nauliza bei.

Sasa mama huyohuyo mwaka jana kaletewa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na kweli kuna mtu alikuwa anamdai hela ya mzigo, akatuma laki mbili bila hata kupiga simu kuuliza. Sekunde kumi vilevile.

Ndo maana hii mada ya kuamua fasta au kuwaza taratibu huwa nashindwa kuegemea upande mmoja. Daniel Kahneman, yule mwanasaikolojia aliyepewa Nobel ya uchumi 2002 na kufariki 2024, ndo aliyeitangaza sana habari ya gia mbili za kichwa, moja ya fasta inajibu yenyewe bila kuombwa, nyingine ya taratibu, inachoka na ni mvivu kuamka. Jaribu hii kijiweni: soda na andazi jumla 1,100, soda imezidi andazi kwa 1,000, andazi bei gani? Wengi watakwambia 100 na watakubishia kweli kweli, jibu ni 50. Hapo Kahneman kashinda.

Ila kuna Gary Klein, mwanasaikolojia mwingine, yeye aliwafuatilia makamanda wa zimamoto huko Marekani akakuta hawakai kulinganisha njia hii na ile, wanaitambua hali tu kama unavyomtambua jirani yako kwa mwendo, na mara nyingi wako sahihi. Hawa wawili walikuwa kambi tofauti lakini 2009 wakaandika pamoja, na walichokubaliana ndo naona kina maana kuliko ubishi wote: machale yaaminiwe pale mambo yanapojirudia kwa mpangilio, na wewe umekaa muda wa kutosha ukionyeshwa ulipokosea.

Dagaa wana hiyo. Mbalamwezi ikiwaka sana wavuvi wa taa wanapumzika, mzigo unapungua, bei inapanda, kila mwezi hivyohivyo, na ukinunua gunia bovu wateja watakurudishia wiki hiyohiyo na matusi juu. Tapeli hana mpangilio wa kujifunza, yeye kazi yake ni kuingia kwenye ile gia ya fasta ukiwa bize. Na vijana wa mikeka nao, mtu ana miaka sita anabeti anajiona ana jicho la mpira, kumbe anakumbuka mikeka iliyotiki tu, ile iliyochanika eti "timu moja imeniangusha". Haya.

Lakini msije mkadhani gia ya taratibu ni malaika. Binamu yangu alikaa na daftari wiki mbili kabla ya kuchukua bodaboda ya mkopo, hesabu ya siku 10,000 mara siku 30, laki tatu kwa mwezi, kaandika vizuri na rula kapiga. Tairi haimo, sevisi haimo, siku dereva anaumwa haimo. Mtu alishaipenda pikipiki tangu siku ya kwanza, daftari lilikuwa wakili wake tu. Na hata Kahneman mwenyewe, mtu wa kutuonya tusikimbilie, zile tafiti za kwamba neno ulilolisoma tu linabadili tabia yako bila kujijua, baadhi ziliporudiwa majibu hayakutoka yale, na 2017 akakubali alikuwa ameziamini kupita kiasi.

Kwa hiyo mi siulizi tena mtu kafikiri fasta au taratibu, nauliza hapo mahali pamemfundisha lini. Kama hapajamfundisha, kuwaza sana peke yake haitoshi, naona bora ajiwekee sheria mapema akiwa ametulia. Mama mdogo anayo ya kwake, hatumi hela mpaka apige asikie sauti. Juzi palepale mwaloni simu ikalia meseji, akaisoma, akaguna, akaifunga kwenye pindo la kitenge, mkono ukarudi guniani.