Salamu za Pauni Arobaini

Huku Leicester, Uingereza, mimi si mtu wa kutajwa. Usiku nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mchana nalala, jioni nasonga ugali. Lakini Tanga, jamani, mimi ni ubalozi! Simu yoyote ikianza na "umepotea sana," najua itaishia kwenye "na mimi utanivuta lini?" Yaani nimlete huku. Shemeji anataka kuvutwa. Mtoto wa shangazi anataka kuvutwa. Yule mzee jirani aliyekuwa akitufukuza tusipige mpira ukutani kwake, siku hizi ananiita "mwanangu kipenzi." Ana pasipoti mpya huyo, niacheni.

Ukiwaambia sheria hairuhusu, wanaguna. "Mbona fulani kamvuta mkewe?" Kamvuta, sikatai. Kamvuta enzi ambazo mwenyeji alitakiwa kuonyesha mapato ya pauni 18,600 kwa mwaka. Kiwango kililala hapo tangu 2012, hakuna aliyekigusa. Mimi naoa, nakula pilau, narudi zangu kazini, na Aprili 2024 kikapandishwa mpaka 29,000. Sisemi walikuwa wananisubiri mimi.

Sasa piga hesabu. Mshahara wa chini wa kisheria ulipanda Aprili 2025 ukawa pauni 12.21 kwa saa. Saa arobaini kwa wiki, mwaka mzima, hukukosa hata siku moja, ulikuwa unapata elfu ishirini na tano na ushee. Yaani serikali hiyohiyo inamwambia tajiri wangu "mlipe huyu kiasi hiki, kinamtosha," kisha inanigeukia mimi: "Wewe, hela yako haitoshi kuishi na mke." Kwa hiyo napiga ovataimu. Namvuta mke kwa kukesha. Na ukikosa mapato, usiogope, ipo njia ya pili: uwe na akiba ya pauni 88,500 imetulia benki miezi sita. Mimi hata elfu moja haijawahi kutulia kwangu kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu.

Wenzangu wakanishauri nimwone kaka mmoja. Kila palipo na Waswahili ughaibuni pana kaka anayejua kujaza fomu. Ofisi hana, unampata misibani na kwenye maulidi, begani ana mkoba wa kompyuta ambao sijawahi kuona kompyuta ikitoka humo. Akaniambia, "Mdogo wangu, andika tu mnapendana sana, mengine niachie mimi. Pauni mia nne, mkononi." Risiti? Akanitazama kama nimemtukania mama. Bahati nzuri ninasoma matangazo ya maktaba: hapa kufanya kazi ya ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai, sheria ya 1999. Na ombi likikataliwa, ada ya ombi hurudishiwi, na jina kwenye fomu ni lako, la kaka halimo.

Msaada wa bure wa sheria nao ulikuwepo zamani. Sheria ya 2012 ikaufyeka, na tangu Aprili 2013 mambo ya kuvuta mke hayamo tena humo. Basi nikaenda kwa wakili wa kweli, mwenye leseni ukutani. Nikafurahi kukuta ni mama wa Mombasa, Kiswahili kinamtiririka. Nikamwamkia kwa adabu zote. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hujambo? Sijambo. Habari za kwenu? Kwetu salama, sijui za Mombasa? Mombasa joto tu, mvua hakuna. Basi hata Tanga hivyohivyo, mama. Watoto je? Tukamaliza kupeana pole kwa kukosa mvua, tukaingia kwenye kazi.

Ankara ilipokuja nikaisoma nimesimama, nikaketi. Mawakili wa huku wanauza muda kwa vipande vya dakika sita sita, uniti. Ukitumia dakika moja umekula uniti nzima. Kwake saa ni pauni mia mbili, uniti pauni ishirini. Tulisalimiana uniti mbili! Pauni arobaini nimeulizia mvua ya Mombasa, mji ambao sina hata shamba. Siku hizi nikimpigia naanza katikati ya sentensi: "Salari slipu ya Machi." Mwenyewe anacheka. Na kucheka nako kunahesabiwa.

Kwa taarifa ya benki ndiyo nilivuliwa nguo. Anaipitia mstari kwa mstari, kwa sababu kila salari slipu lazima ikutane na pesa iliyoingia benki. Kalamu ikasimama. "Huyu Mwanaidi unamtumia kila mwezi ni nani?" Dada yangu. "Na Zainabu?" Mama mdogo. "Rukia?" Huyo ni wifi ya dada yangu, mama, alikuwa na mgonjwa. Akashusha miwani. "Na huyu wa kuku wa kukaanga, saa nane usiku, mara nne wiki moja?" Huyo ni mimi.

Tukaja kwenye ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Lete picha za harusi. Nikaleta. Nyie mnajua nikahi zetu: bibi harusi yuko ndani kwao na wanawake wenzake, mimi niko msikitini nimeshikana mkono na baba mkwe, tunatazamana usoni, sheikh pembeni anasema maneno. Picha kumi na zote ndizo hizo. Afisa asiyejua mila akifungua lile faili, ataona nimefunga ndoa halali na mzee mwenye kanzu na ndevu nyeupe, na wote tunaonekana tuna furaha.

Basi lete mazungumzo ya simu. Nikaleta, yametafsiriwa na mtafsiri anayelipwa kwa neno. Mke wangu ni mtu wa maana, si mtu wa maneno matamu. Ukurasa wa kwanza: "Luku imeisha." Wa pili: "Gesi nayo." Wa tatu: "Umekula?" Wakili akauliza kama hakuna mahali popote mke ameandika kwamba ananipenda. Mama, si kauliza kama nimekula?

Na huyo mke ni mwalimu wa Kiingereza. Anafundisha sekondari huko Muheza, kwa stashahada yake ya ualimu, na lazima alipie mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya chini kabisa, ule wa kujitaja jina na kusema unakaa wapi. Kaniuliza kama anaruhusiwa kusahihisha karatasi ya wenzake akimaliza. Juu ya hapo kuna cheti cha kifua kikuu. Kuna ada ya ombi, pauni elfu mbili hivi. Kuna ada ya hospitali, 1,035 kwa kila mwaka, na kwa visa yake ya kwanza wanataka 3,105 kwa mkupuo kabla hajapiga hata chafya. Akija akapata kazi, atakatwa na kodi pia.

Nilidhani hapo nimefika kileleni, kumbe mama yangu mzazi naye alikuwa kashona magauni mawili ya baridi. Nikamuuliza wakili. Akavuta pumzi, na mimi nikatazama saa. Mzazi, anasema, anaingia ikiwa uzee au maradhi yamemfikisha pahala hawezi kuoga wala kuvaa wala kujipikia mwenyewe, na huko aliko matunzo hayo hayapatikani, hata kwa pesa ya mwanawe. Nikamwambia mama yangu ana miaka sabini na moja na anauza vitumbua Ngamiani alfajiri. Akasema, "Basi ana afya mno." Na hata akiugua, wataniuliza kwa nini nisimwekee dada wa kumhudumia hukohuko Tanga. Haya, kazi yangu mimi ni ipi usiku kucha? Kuogesha, kuvisha na kulisha wazazi wa watu.

Nikampigia mama, nikamweleza taratibu. Kimya. Kisha: "Kwa hiyo wewe unangoja nishindwe kujiogesha?" Si mimi mama, ni sheria. "Sheria imekuzaa?" Akakata. Jioni Mwanaidi akanipigia: mama kaenda nyumba kwa nyumba akisema mtoto wa Ulaya anamwombea maradhi, na baba mkubwa ameitisha kikao Jumapili, nitoe maelezo kwa simu ya video. Baba mkubwa mwenyewe alikwisha nitumia picha zake za pasipoti.

Nimemwomba wakili aingie kwenye kikao hicho awaeleze yeye, kwa kuwa mimi siaminiki tena. Amekubali, kwa bei ileile. Tatizo ni kwamba baba mkubwa hawezi kuanza kikao kabla ya kumwamkia mgeni, kumuuliza ukoo wake, na kutafuta kama hawana undugu upande wa Vanga, kule mpakani mwa Kenya. Nimeomba ovataimu ya Jumamosi.