Simu Imeingia Maji

Mjomba wangu aliendesha lori la Dar–Zambia miaka mingi, na ana hadithi moja haishi utamu: siku alipopita Livingstone akayakuta maporomoko ya Mto Zambezi yamefura. "Maji ya kule hayashuki tu, yanapanda! Unanyeshewa kutoka chini. Cheza, simu yako itaingia maji hivi hivi." Wenyeji wenyewe wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Mswahili akisikia hilo "mosi" hahitaji mkalimani.

Basi likizo ilipofika, nikajiandaa kama naenda gharika. Koti la mvua la bodaboda, la njano, linanifika kwenye vifundo. Gambuti. Treni ya TAZARA kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, nikiwa nimezipakata gambuti kama mtoto mchanga. Livingstone nikanunua maandazi, nikayamaliza, mifuko yake mitatu ya plastiki nikafungia simu. Pasi ya kusafiria nikaiacha gesti chini ya godoro, isilowe.

Nilichosahau kumuuliza Mjomba ni kwamba alipita mwezi gani. Alipita Aprili. Mimi nilikwenda Oktoba.

Mlinzi wa getini alinitazama kuanzia kofia hadi gambuti. "Kaka, unaenda kurina asali?"

Nikacheka kwa adabu, nikapita. Sikusikia ngurumo. Nikajiambia labda upepo unaipeleka upande mwingine. Nikafika ukingoni, nikajifunga kofia ya koti vizuri, nikafumba macho nisubiri kunyeshewa. Nilipofumbua, mbele yangu ulikuwa ukuta. Ukuta wa jiwe, mweusi, mkavu, mita mia na ushee kwenda chini, na majani yamenyauka kwenye nyufa. Kulowa nililowa kweli, ila kwa jasho. Oktoba ya Livingstone ndani ya koti la plastiki ni sawa na kujifukiza.

Nikarudi kwa mlinzi. "Maji yako wapi?"

Akanieleza bila haraka, kama daktari anayetoa habari mbaya. Upande wa Zambia mwamba umeinuka zaidi, kwa hiyo mto ukipungua maji yote hukimbilia upande wa Zimbabwe. "Kule yanamwagika hata sasa. Vuka daraja tu. Una pasi?"

Pasi ilikuwa chini ya godoro, kavu kabisa. Na basi langu la Lusaka lilikuwa la saa nane.

Nikasema angalau nipige picha ya jiwe. Nikatoa furushi langu mfukoni, nikaanza kufungua fundo la kwanza. Sasa, nyani wa pale hawajui simu, wanajua mifuko ya plastiki. Na mifuko yangu ilikuwa bado inanukia maandazi. Dume moja, mabega kama ya mchukuzi wa sokoni, lilikuja likitembea tu, wala halikukimbia, likanipokonya kama mtu anayechukua chake. Nikalifukuza. Jaribu wewe kufukuza nyani ukiwa na gambuti.

Likakaa juu ya jiwe, likafungua mfuko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Likaitazama simu, likainusa, likaiuma pembeni, likanitazama mimi kwa dharau ambayo hata baba mwenye nyumba wangu hajawahi kunitazama nayo. Kisha likaitupa begani.

Katika maporomoko yale yenye upana wa mita 1,708, upande wetu ulikuwa umebakiza kidimbwi kimoja, kama karai la kufulia. Nikasikia: chubwi!

Nilirudi Dar bila picha hata moja. Mjomba alikuwa ananisubiri kibarazani.

"Haya, tuonyeshe hiyo video."

"Simu imeingia maji, Mjomba."

Akapiga paja, akawageukia majirani. "Si niliwaambia?"