Eti Tanga Itakuwa Dubai

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilikuwa nimekaa zangu barazani hapa Ngamiani, kikombe cha kahawa mkononi, simu ikalia mara mbili. Ujumbe wa kwanza umetoka kikundi cha ukoo. Dada yangu anakumbusha mchango wa safari ya binti yake, anayekwenda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani; zimebaki laki mbili na arobaini. Wa pili ni video ya Chongoleani, linapoishia bomba la mafuta kutoka Uganda, imepigwa kutoka juu, matangi ya mafuta ghafi yanaonekana kama masufuria ya shughuli yaliyofunikwa, na chini yake jamaa yangu kaandika: "Tanga itakuwa Dubai. Nyie subirini tu."

Ule wa kwanza niliuelewa. Huu wa pili ndio ulionichafua roho nikarudi nyumbani kuandika.

Maana kama Dubai inatujia kwa bomba, huyu mtoto anaifuata ya nini kwa ndege? (Najua, Muscat si Dubai. Kwa dada yangu kote huko ni Arabuni, na atakayemsahihisha ajiandae.)

Hebu tuanze na hiyo Dubai yenyewe. Tunaitaja kila siku kama watu wanavyomtaja mkwe tajiri, bila kujua fedha alizipataje. Dubai ilikuwa inakula lulu. Wapiga mbizi, manahodha, madalali, wakopeshaji, mji mzima ulining'inia kwenye chaza. Wajapani wakajua kuzifuga lulu, miaka ya 1920 ikielekea 1930 bei ikaanguka, mdororo wa dunia ukamalizia kazi, watu wakalala njaa. Mafuta yalikuja kuonekana baharini kwao mwaka 1966. Lakini hori lao walikuwa wameshalichimba zamani ili vyombo vikubwa viingie, kwa fedha za kukopa, kabla hawajauza hata pipa moja. Bandari ya Rashid ikafunguliwa 1972. Jebel Ali ikafuata 1979. Mwaka 1985 wakafungua eneo huru la biashara, na mwaka huohuo Emirates ikaanza kuruka kwa ndege za kukodi. Mafuta yao yalifika kilele 1991, kama mapipa 400,000 kwa siku, kisha yakaanza kupungua, na leo hayafiki hata asilimia 5 ya pato la Dubai. Mwenye visima hasa ni jirani, Abu Dhabi. Na mwaka 2009, Dubai ilipokwama na madeni ya majengo yake marefu, huyo jirani ndiye aliyewatoa kwa dola bilioni 10, kwa hiyo nao wasijione sana.

Wale ni watu walioumwa na lulu mara moja, wakaanza kuogopa kuegemea kitu kimoja. Bandari ilitangulia mafuta. Anayesema Tanga itakuwa Dubai kwa sababu ya mafuta ameishika hadithi mkiani.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu sisi pia tuliumwa, tena vibaya, ila tumesahau jino lenyewe.

Mkonge uliletwa na Mjerumani mmoja, Hindorf, mwaka 1893, kutoka Florida. Katika miche elfu moja ilisalimika 62, ikapandwa upande wa Pangani. Kutoka hiyo 62 ukatoka mji huu wote unaouona: bohari, mitaa ya Ngamiani iliyonyooka na kupewa namba badala ya majina. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa na hakuna aliyetuzidi duniani. Wakulima wa Ulaya na Marekani walikuwa wanafungia nyasi zao kwa kamba zetu. Kisha ikaja nailoni na ndugu zake. Wengine watasema ni kutaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha. Sawa, ubishi huo upo barazani kila siku na sitaumaliza leo. Lakini hata kama mashamba yangebaki kwa wenyewe, ile kamba ya plastiki haikuwa inasoma Azimio. Korona, zile mashine za kusaga mkonge, zikanyamaza moja baada ya moja. Pita leo barabara ya Muheza kwenda Korogwe uone mabanda ya kambi yaliyobaki kuta tupu, mbuzi wanalala.

Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Alitoka Kasulu mwanzoni mwa miaka ya 1950, akachukuliwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya kukusanya wafanyakazi, akapandishwa treni kule Kigoma hajawahi kuiona bahari. Walikuja Waha, Wabena, Warundi, Wamakonde. Kwao Tanga ndiyo ilikuwa Arabuni. Mtu aliaga kwao akilia, akiahidi miaka miwili, atarudi na baiskeli na blanketi. Babu alirudi mara moja tu, mwaka ambao hata yeye alikuwa haukumbuki, na mpaka anakufa watu wa mtaani walimwita Muha.

Kadi yake ya kipande ninayo. Ipo kwenye kopo la biskuti pamoja na hati ya kiwanja na picha za pasipoti za watu ambao sasa ni marehemu. Karatasi ngumu, imekuwa rangi ya chai, ina vyumba 30. Ukimaliza ngwe yako karani anaweka alama kwenye chumba kimoja. Usipoimaliza, siku hiyo hukuishi. Vyumba vikijaa ndipo unalipwa. Hii kadi iliishia kwenye chumba cha 19. Nilimuuliza marehemu baba kwa nini babu aliitunza kadi isiyojaa, akasema hajui, labda alikuwa bado anawadai.

Hapa mjini tuna msemo tunaojivunia: Tanga, waja leo waondoka leo. Tunausema kwa maringo, kana kwamba mgeni akija raha zinamzidi. Mimi siku hizi nikiusikia namfikiria mtoto wa dada yangu.

Sasa nije kwenye yangu, maana najua mtaniuliza. Ndiyo, nami nilikwenda. Mwaka 2013, Muscat, karani wa stoo kwenye kampuni, siitaji, iliyokuwa inakodisha jenereta na mashine kwa wachimbaji wa visima. Nilikaa Ghala, chumba kimoja watu sita. Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa juu ya dola 110. Likaanza kuteremka, na kufika Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Mimi, mtoto wa Ngamiani, nikawa naijua bei ya pipa kuliko bei ya unga nyumbani. Kila asubuhi Mhindi wa uhasibu anafungua kompyuta, sisi tunamsoma uso. Mshahara ukachelewa wiki, ukachelewa mwezi, ukachelewa miezi mitatu. Kuhama huwezi, kwa sababu wakati ule bila barua ya mwajiri ulitakiwa uondoke nchini ukae nje miaka miwili. (Sharti la barua waliliondoa 2021. Nawapa hongera, shingo upande.)

Jirani yetu pale alikuwa mzee wa Kiomani aliyezaliwa Wete. Kiswahili chake cha Pemba, hasa! Alirudi kwa asili yake miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipokuwa anawaita walioko nje waje kujenga nchi. Alikuwa akituletea mandazi usiku wa Ramadhani na kutuhadithia Oman aliyoikuta: shule tatu hadi 1970, lami ya kilomita kumi hivi, na milango ya mji wa Muscat iliyokuwa ikifungwa usiku kwa amri. Vijana wao wakati huo walikuwa wanakimbilia Kuwait na Bahrain kutafuta kazi, na kabla ya hapo babu zao walikuja kwetu na pepo za kaskazi, wakauza halua na papa mkavu. Kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kilichoniuma ni mwanawe. Kijana ana digrii ya uhandisi, amekaa miaka miwili bila kazi, akaishia kuendesha teksi, kazi ambayo huko imetengwa kwa wenyeji. Nchi ya mafuta, mhandisi anasubiri abiria. Na si kwamba wakubwa wao walikuwa wamelala. Mwaka 1995 waliandika Dira ya 2020, wakalenga mafuta ghafi yashuke hadi asilimia 9 ya pato la taifa. 2020 ikafika, na mafuta na gesi bado ndiyo yanayoleta zaidi ya nusu ya mapato ya serikali. Vijana walikuwa wameshaingia barabarani Sohar 2011 wakidai kazi. Wakaingia tena 2021. Sasa kuna Dira ya 2040, kuna Duqm na kiwanda chake cha kusafishia mafuta, kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na wamepitisha hata kodi ya mapato kwa wenye kipato kikubwa, ianze 2028, jambo ambalo hakuna nchi nyingine ya Ghuba iliyothubutu. Miaka 30 wanapambana kuliacha titi la mafuta, wenye fedha, wenye wataalamu, na bado.

Wao wanahangaika kutoka mlango huu. Sisi tumepanga foleni kuingia, tunapiga vigelegele.

Tena kuingia kwa mafuta ya nani? Mafuta ni ya Hoima, Uganda. Bomba lina kilomita 1,443, kati ya hizo 1,147 zimo kwenye ardhi yetu, na shirika letu la mafuta, TPDC, lina hisa asilimia 15 tu. TotalEnergies ya Wafaransa peke yake ina 62. Mafuta yenyewe yana nta, lazima yapashwe moto hadi kama nyuzi 50 safari nzima yasigande. Yatafika Chongoleani, yatalala kwenye matangi, yatapanda meli, yataondoka. Waja leo, waondoka leo. Haya, kuna ada ya kupitisha, kuna barabara zilizotengenezwa, kuna gawio, kuna vijana wamejifunza kuchomelea vyuma kwa kiwango cha kimataifa. Sikatai. Lakini bomba likishafukiwa linataka pampu, umeme na walinzi. Halitaki watu elfu kumi, na wale elfu wa ujenzi wameshajua hilo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kilichofanana kidogo na Dubai tumekifanya, na hakuna aliyekipiga video. Bandari ya Tanga! Miaka yote meli zilitia nanga huko nje, karibu kilomita mbili, mizigo ikaletwa na matishari kama maji ya kuchota kwa kata. Serikali ikatumia bilioni 429, kina cha gatini kikatoka mita 3 kikafika 13, meli sasa inalala ubavuni. Bandari haijali kama leo dunia inataka mkonge, kahawa, magari au vigae. Ungekuwa unataka ugomvi wa maana barazani, ungeuliza kwa nini viwanda havijaja nyuma ya hilo gati, kwa nini machungwa ya Muheza yanaoza njiani kila msimu, kwa nini mtu wa Arusha bado anapeleka mzigo wake Mombasa. Hayo hayana muziki wa kuwekea video.

Jumapili jioni binti alikuja mwenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia habari za pipa, kwamba mshahara wake wa riali 90 utatoka mfukoni mwa mtu ambaye mshahara wake nao unatoka kisimani, na kisima kikikohoa wa kwanza kutolipwa ni dada wa jikoni. Nikamwambia habari za kufungiwa ndani. Nikatoa hata kadi ya babu. Akaishika kwa heshima, akahesabu vyumba kwa kidole, akairudisha.

"Mjomba, mimi Chongoleani nimefanya," akasema. "Jikoni, kwa mkandarasi. Miezi saba. Mkataba ukaisha, wakatushukuru, wakatupiga picha."

Nikanyamaza.

"Na hili bati, mjomba, si la Muscat?"

Ni la Muscat. Bati, na vigae vya sebuleni, na ada ya mdogo wangu wa mwisho. Kampuni ililipa ilipolipa, na hata kwa kuchelewa kwake, sijawahi kushika tena fedha ya namna ile kwa kazi ya stoo, wala sitaishika hapa. Nilitaka kumwambia kwamba mambo yalikuwa tofauti, na yeye alikuwa anaona kabisa kwamba nataka kumwambia hivyo.

Nimetuma laki na nusu. Iliyobaki atajua mama yake na wale wanaosubiri Dubai. Riali 90 ni kama laki sita. Amesema nusu ataituma nyumbani, na mimi nimemwambia robo aiweke mahali ambapo hata mama yake hajui. Nimemwandikia namba ya ubalozi wetu Muscat kwenye karatasi, si kwenye simu, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Nimemwambia mkataba ausome kwa Kiswahili kabla hajasaini, na wakala akisema hakuna nakala ya Kiswahili, anipigie palepale. Pasipoti anaichukua Jumatatu. Apige picha kila ukurasa, hata zile tupu, anitumie kabla haijatoka mkononi mwake.